Nifunge au Nisifunge? Fatwa Nusu na Tone la Damu

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ramadhani iliyopita jumuiya yetu ilikwenda kufuturisha katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro. Waliokwenda wanaikumbuka ile safari ya kutoka Mbarara, magunia ya mchele na katoni za tende zikiwa katikati yetu, na vumbi likituingia mpaka ndani ya kofia. Baada ya swala ya Alasiri nilipewa dakika ishirini za kutoa darsa juu ya hukumu za saumu, kwa kuwa mimi ninasoma Masomo ya Kiislamu na wenzangu wengi ni watu wa sayansi. Nikaeleza habari ya niya, nikaeleza yanayofunguza, kisha nikafika kwenye ruhusa ya mgonjwa na msafiri iliyotajwa katika Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185.

Darsa lilipokwisha, mama mmoja mtu mzima, Mkongomani, alinifuata pembeni.

"Ustadhi, mimi niko na sukari. Najichoma insulini asubuhi na magharibi, mwaka wa kumi na mbili sasa. Nifunge ao nisifunge?"

Nilimjibu kama kitabu kinavyosema. Mgonjwa anayehofia madhara ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na asiyetarajia kupona hutoa fidia. Akijiona ana nguvu, afunge. Akijisikia vibaya, afungue mara moja.

"Sasa nitajua namna gani kama leo mimi ni mgonjwa?" akauliza. "Mashine ya kupimia ninayo. Ila vile vikaratasi vyake viliisha tangu Rajabu. Na fidia, mwanangu, nimlishe maskini gani? Maskini ni mimi."

Nikarudia: "Mama, ukijisikia vibaya, fungua." Akashukuru, akaniombea dua, akaenda zake.

Siku ya tisa baada ya hapo nikapigiwa simu. Mama alikuwa amefunga, na wala hakujisikia vibaya. Adhuhuri binti yake alimkuta amelala kwenye mkeka, nguo zimelowa jasho, anaitwa haitiki. Jirani mmoja mwenye akili ya haraka alimpaka asali ndani ya mashavu, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu akazinduka. Nilipomweleza mwenzetu anayesoma udaktari hapa Mbarara, alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba mtu aliyetumia insulini kwa miaka mingi anaweza kufika mahali ambapo mwili hauonyi tena. Kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, vyote hivyo hufifia. Sukari inashuka, naye hana habari. "Ulimwambia asubiri dalili," akasema, "na pengine mwili wake uliacha kuzitoa zamani."

Tangu siku ile nimekuwa na swali moja, na ndilo ninalotaka tulitazame pamoja. Je, yule mama nilimjibu?

Tunaosoma usuli tunafundishwa kanuni isemayo kwamba kulihukumu jambo ni tawi la kulifahamu. Huwezi kusema halali au haramu juu ya kitu usichokijua kilivyo. Kwa kawaida tunaielewa kanuni hii kwamba inamhusu mufti: asome, aulize, ndipo atoe hukumu. Lakini ziko hukumu ambazo Sheria imemwachia muumini mwenyewe azitekeleze kila siku kwa kuitazama hali yake, na ruhusa ya mgonjwa ni mojawapo. Wanavyuoni wa fiqhi wameeleza kwamba hofu ya madhara hujulikana kwa uzoefu wa mgonjwa mwenyewe, au kwa dalili iliyo wazi, au kwa kauli ya tabibu mwaminifu. Yule mama dalili zake zilikuwa zimenyamaza. Uzoefu wake ulimdanganya. Tabibu hakuwepo. Kilichobaki ni tone la damu kidoleni na kile kikaratasi, ambacho kiliisha tangu Rajabu. Mimi nilimpa hukumu bila kumpa njia ya kuifikia. Hiyo ni fatwa nusu.

Na tunajua fatwa nusu inaweza kufanya nini. Abu Daud amepokea kutoka kwa Jabir, radhi za Allah ziwe juu yake, kisa cha mtu aliyepasuliwa kichwa na jiwe akiwa safarini, kisha akapata janaba. Akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwakemea vikali, akawahesabu kuwa wao ndio waliomuua, na akabainisha kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Wale hawakuwa watu waovu. Walijua hukumu ya maji, ila hawakujua hali ya jeraha. Nami nilijua hukumu ya saumu.

Basi nikaanza kuuliza. Nilitaka kujua kwa nini kukijua kiasi cha sukari ndani ya damu kuwe kazi ngumu hata kitegemee kikaratasi kinachouzwa ghali. Majibu niliyoyapata kwa ndugu zetu wa kemia yamenifunza jambo nisilolitarajia.

Kwanza, kinachotafutwa ni kidogo. Mtu mzima ana damu kama lita 5, na akiwa amefunga, glukosi yote iliyomo ndani yake ni kama gramu 4 hadi 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Ikipungua chini ya milimoli 3.9 kwa lita, hiyo ni hatari inayohesabiwa. Ikifika 7 asubuhi kabla ya kula, na kipimo kikirudiwa kikasema vilevile, hicho ni kisukari. Uhai wa mtu unatembea kwenye kijia chembamba namna hiyo.

Pili, glukosi ina ndugu wanaofanana nayo. Molekuli yake ina atomi 24: kaboni 6, hidrojeni 12 na oksijeni 6. Galaktosi, ambayo ni sehemu ya sukari ya maziwa, ina atomi zilezile kwa hesabu ileile. Tofauti yao ni kwamba kwenye kaboni ya nne, kile kikundi cha oksijeni na hidrojeni kimeelekea upande mwingine. Manosi nayo imetofautiana na glukosi kwenye kaboni ya pili tu. Ni kama pacha wanaotofautiana kwa namna mmoja alivyogeuza kidole.

Tatu, na hili ndilo gumu kuliko yote, ni maji. Molekuli ya sukari imezungukwa na vikundi vya oksijeni na hidrojeni, na maji ni oksijeni na hidrojeni vilevile. Ukipiga hesabu ya damu ya mtu aliyefunga, kwa kila molekuli moja ya glukosi kuna kama molekuli 10,000 za maji. Ukitengeneza kitu kiishike sukari, kitayashika maji kwanza.

Allah, Subhanahu wa Taala, ameumba ndani ya viumbe hai protini zinazoweza kufanya kazi hii. Mkemia wa Kijerumani Emil Fischer, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye sukari, aliona kwamba kimeng'enya kimoja huivunja sukari hii na kuiacha ile inayofanana nayo, na mwaka 1894 akatoa mfano wa kufuli na ufunguo. Vile vikaratasi vya mama, ambavyo wengi wetu tunaviita stripu, vimejengwa juu ya jambo hilo. Ndani yake mna kimeng'enya, mara nyingi kinachotokana na aina ya kuvu, kinachoitambua glukosi na kutoa umeme mdogo ambao mashine inausoma. Lakini kimeng'enya ni protini, na protini huharibiwa na joto na unyevu. Ndiyo maana kopo la stripu lazima lifungwe vizuri na lisiachwe juani. Mtu anayeishi chini ya bati au turubai anajua maana ya sharti hilo.

Tena si kila kimeng'enya ni kichaguzi sawasawa. Mwaka 2009 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya aina moja ya stripu ambazo kimeng'enya chake hakikuweza kupambanua glukosi na maltosi. Wagonjwa waliopewa hospitalini dawa fulani zenye maltosi, au dawa zinazogeuka kuwa maltosi mwilini, wakiwemo wanaosafishwa damu kwa kupitia tumboni, walipimwa, mashine ikasema sukari iko juu, kumbe ilikuwa ikihesabu maltosi. Hatari yake ni kwamba mgonjwa huongezewa insulini ilhali glukosi yake halisi iko chini. Mamlaka hiyo ilikuwa imepokea taarifa za vifo 13 vilivyohusishwa na stripu za aina hiyo.

Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka yule msafiri aliyepasuliwa kichwa. Kipimo kilichofananisha maltosi na glukosi, na watu waliofananisha mtu mwenye jeraha na mtu mzima wa afya, kosa lao ni moja. Kushika kitu si kukitambua. Kutambua ni kuweza kukiacha kile kinachofanana nacho.

Sasa wako wanakemia ambao wameifanya kazi hii kuwa ya maisha yao: kuunda, bila kutumia protini, molekuli itakayoishika glukosi ndani ya maji na kuwaacha ndugu zake. Anayetajwa zaidi ni Profesa Anthony Davis wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza. Yeye na wanafunzi wake walihangaika na jambo hili kwa zaidi ya miaka 20, wakijenga na kubomoa. Mwaka 2019 walitangaza katika jarida la Nature Chemistry molekuli iliyofanya kazi hiyo vizuri kuliko zilizotangulia. Iko kama chumba kidogo chenye sakafu, paa na nguzo. Glukosi ni bapa, na vikundi vyake vyote vya oksijeni na hidrojeni vimeelekea pembeni, kwa hiyo juu na chini yake hamna vikundi hivyo. Sakafu na paa vimetengenezwa visipende maji, vikae sambamba na zile pande mbili bapa, na nguzo zinavishika vile vikundi vya pembeni. Galaktosi ikitaka kuingia, kile kikundi kimoja kilichogeuka kinagota. Waliipima wakaona inaishika glukosi kwa nguvu mara 100 na zaidi kuliko sukari nyingi nyingine.

Kutokana na utafiti huo ilizaliwa kampuni ndogo iitwayo Ziylo mwaka 2014, na mmoja wa waanzilishi wake, Harry Destecroix, alikuwa mwanafunzi wa uzamivu wa Davis. Agosti 2018 kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark iliinunua kwa mkataba ambao malipo yake yangeweza kupita dola milioni 800 iwapo malengo yote yangetimia. Lengo lilikuwa zaidi ya kupima. Oktoba 2024 watafiti wa kampuni hiyo na wenzao walieleza katika jarida la Nature insulini iliyofungiwa kufuli la namna hii: sukari ikishuka, insulini inajifunga na nguvu yake inapungua, na sukari ikipanda inajifungua. Wameijaribu kwa panya na nguruwe. Fikirini maana yake kwa yule mama. Insulini ambayo adhuhuri ya Ramadhani ingepunguza nguvu yake yenyewe.

Hapa najua wapo watakaouliza: hayo ya Bristol na Denmark yanamhusu nini mwanafunzi wa Masomo ya Kiislamu? Jibu lipo kwa Imamu al-Ghazali, rahimahullah, aliyefariki mwaka 505 Hijria. Katika kitabu cha elimu, mwanzoni mwa Ihya, ameihesabu elimu ya tiba kuwa fardhi kifaya, na akawalaumu watu wa zama zake kwamba mji mzima unaweza kukosa tabibu Mwislamu hali wanafunzi wanasongamana kwenye mijadala ya fiqhi ambayo tayari ina watu wa kutosha. Maneno hayo yanatuchoma sisi tuliosongamana huku. Ikiwa tiba ni fardhi kifaya, basi na elimu ya kuitambua sukari ndani ya damu imo ndani ya fardhi hiyo.

Kuna mwenzangu wa darasani aliyenipinga, na alinipinga kwa hoja ya usuli. Alisema: kanuni yetu inasema kwamba kisichokamilika wajibu ila kwacho, nacho ni wajibu. Lakini wanavyuoni wametofautisha. Kinachohitajika ili wajibu utekelezwe ni wajibu, ila kinachohitajika ili wajibu wenyewe upatikane si wajibu. Hakuna aliyeamrishwa atafute mali ifike nisabu ili zaka imlazimu. Vivyo hivyo, mama hakuamrishwa atafute kipimo ili ajue kama saumu inamlazimu. Akiwa na shaka, ale. Allah hamtwishi mtu asichokiweza.

Hoja yake ni nzuri, na kwa upande wa mama nadhani yuko sahihi: yeye hana dhambi. Lakini nimeona mambo mawili. La kwanza, hatukuanza na saumu. Kuilinda nafsi isiangamie ni wajibu uliokwishasimama juu yake na juu yetu, Ramadhani na Shawwali, na kwa mtu anayejichoma insulini mara mbili kwa siku, kuilinda nafsi hakukamiliki bila kujua sukari yake iko wapi. Hata asipofunga anaweza kuanguka. Kipimo basi ni njia ya kutekeleza wajibu uliopo. La pili, kumwambia kila mwenye kisukari "ale tu, yaishe" kunaonekana huruma, lakini kunachukua wagonjwa wote kama mtu mmoja. Kati yao yuko ambaye kufunga ni kujiua, na yuko anayetumia vidonge, sukari yake imetulia, na tabibu amemwambia anaweza kufunga. Ukiwafananisha, mmoja utamwangamiza, na mwingine utamnyima ibada aliyoililia.

Wala wagonjwa wenyewe hawangoji ruhusa yetu. Utafiti mkubwa uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13, ukihusisha wagonjwa zaidi ya 12,000, ulikuta kwamba katika wenye kisukari cha aina ya pili karibu asilimia 79 walifunga siku 15 au zaidi, na katika wa aina ya kwanza, ambao hawaishi bila insulini, karibu asilimia 43. Watu wanaipenda Ramadhani. Watafunga. Swali lililobaki ni kama watafunga wakiwa wanaona au wakiwa gizani.

Mwingine akaniambia tumtegemee Allah, mashine zisije zikachukua nafasi ya tawakuli. Huyu nilimkumbusha hadithi ya ngamia aliyoipokea Tirmidhi: afungwe kwanza, kisha mtu ategemee. Lakini ndani ya maneno yake kuna jambo la kweli ambalo sitaki lipotee. Tunasema molekuli "inatambua" sukari, na hili ni jina la kuazima. Molekuli haina niya. Haijui kwamba damu ile ni ya mama fulani mwenye binti, aliyekimbia vita. Inashika na kuachia kwa namna Allah alivyoweka nguvu za atomi. Haiulizwi siku ya Kiyama. Atakayeulizwa ni aliyeitengeneza, aliyeiuza, aliyekuwa na uwezo wa kuifikisha na hakuifikisha, na mwalimu wa darsa aliyejibu bila kuuliza. Kipimo kizuri hakituondolei dhima, kinatuondolea udhuru.

Na hapo ndipo ninapotaka kusema neno langu juu ya fardhi kifaya. Wengi wetu tunadhani kwamba jambo likishagunduliwa, fardhi imeshuka: kuna watu wameifanya kazi, wengine tumepumzika. Hebu tuitazame fardhi kifaya tunayoijua sote, maziko. Mtu akifa Nakivale, kisha sanda ikanunuliwa Mbarara, ikakatwa vizuri na kukunjwa, na gari la kuipeleka likakosekana, je, fardhi imeshuka? Hakuna mtoto wa madrasa atakayekubali. Sanda imeshonwa, maiti hajazikwa. Fardhi kifaya haitazami nani amefanya kazi, inatazama kama haja imetimizwa.

Insulini yenyewe ni ushahidi. Iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921, na mwaka 1923 Banting, Best na Collip walikiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki ya ugunduzi kwa dola 1 kwa kila mmoja wao, ili dawa isizuiliwe na mtu. Ni kitendo kizuri, tunawashukuru. Lakini miaka 100 na zaidi imepita, na bado wako watu wanaoiweka chupa yao ya insulini ndani ya chungu cha udongo chenye maji kwa sababu inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8 nao hawana friji. Kuuza kwa dola 1 hakukuifikisha. Simlaumu anayefanya biashara ya dawa, kwani utafiti unagharimu na biashara ni halali. Ninachosema ni kwamba molekuli ya Bristol, itakapokuwa dawa kwa idhini ya Allah, itakuwa sanda iliyoshonwa vizuri sana.

Nakivale inaongeza uzito wa jambo hili. Makazi haya yalianzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, na ni miongoni mwa ya zamani zaidi barani Afrika. Leo wamo Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo. Mtu anaweza kuzaliwa pale, kuoa pale na kuzeeka pale. Lakini sisi tunaokwenda na mchele tunaingia kana kwamba tunakwenda kuzima moto: njaa ya leo, futari ya leo. Kisukari hakiendi hivyo. Ni ugonjwa wa kila siku mpaka mwisho wa umri. Kopo la stripu 50, kwa anayepima mara mbili kwa siku, linakwisha siku ya 25. Halimalizi hata Ramadhani moja.

Basi nini kinatulazimu? Nitataja yaliyo ndani ya uwezo wetu. Sisi wa Masomo ya Kiislamu, kabla ya kumjibu mgonjwa "nifunge au nisifunge", tuulize kwanza: una njia ya kujua hali yako? Akisema hana, jibu letu lianzie hapo. Tuwafundishe watu pia kwamba kujidunga kidole kupima sukari hakufunguzi saumu, na kwamba Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, katika kikao chake cha kumi kilichofanyika Jeddah mwaka 1997, ilieleza kuwa sindano za ngozi au misuli zisizo za lishe hazifunguzi. Wako wanaoacha kupima mchana kwa kuogopa kubatilisha. Ndugu zetu wa kemia na famasia nao wasione aibu kuiita kazi yao ibada. Anayekesha maabara akitafuta namna ya kupambanua glukosi na galaktosi yuko kwenye fardhi ambayo al-Ghazali aliililia. Na jumuiya yetu, inapopanga bajeti ya futari, itenge fungu la stripu, na anayetoa darsa aketi pamoja na mwanafunzi wa udaktari, meza moja.

Baada ya Idi nilirudi Nakivale na yule mwenzetu wa udaktari. Mama alitukaribisha chai, yake haina sukari. Nikamwambia, "Mama, siku ile nilikujibu nusu. Nisamehe." Akacheka. "Ustadhi, na wewe ulikuwa haujue?" Nikasema ndiyo. Mwenzangu akamweleza polepole kwamba kwa hali yake asifunge tena, na kwamba kula kwake Ramadhani kwa kumtii Allah nako ni ibada. Alilia kidogo. Kisha tukampa kopo la stripu, akalifungua pale pale akapima. Mashine ikaandika 6.1. Akaitazama namba ile kwa muda, akauliza, "Hii nzuri?" Tukasema nzuri.

Kopo lile lilikuwa la siku 25. Limekwisha zamani, ndugu zangu.

Tunamwomba Allah atufunulie haki tuione kuwa ni haki, atuepushe na kusema tusilolijua, awaponye wagonjwa wetu, na asitujaalie kuwa watu walioshona sanda wakasahau maiti. Wallahu a'lam.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.